Uzi wa Siku za Radi

Jumatatu, 3 Machi

Kama si mimi, nusu ya mji huu ingekuwa imeshakufa kwa mafua. Nasema hivi bila kujisifu. Kila mwavuli unaofunguka sawasawa, kuanzia stesheni mpaka sokoni, umepita kwenye vidole vyangu. Kuna mmoja niliutengeneza vizuri kupita kiasi: upepo ulipovuma ukamnyanyua karani wa posta, ukampeleka juu kwa juu mpaka mlangoni pa ofisi, akawahi kazini kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Yuko hai, aulizwe.

Mtu wa hadhi hii hakupaswa kuandika kwa penseli kwenye daftari la shule. Lakini daftari limeletwa na mpwa wangu, na mbele ya mpwa wangu sina kauli. Ni mtoto wa pekee wa dada yangu. Anafanya kazi hospitali, wodi ya wazee, mji wa pili kutoka hapa. Mtaa mzima unamwita Nesi, nami namwita hivyohivyo, tena kwa sauti, ili watu wasisahau ukoo wetu umetoa nesi. Jana alinipa daftari akasema, "Mjomba, andika habari za mama. Mimi nilimkuta ameshakuwa mtu mzima. Umebaki wewe tu unayemjua tangu mwanzo."

Nikamweleza kwamba shule niliiacha darasa la tano kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na vya kunifundisha. Akasema mwandiko ataustahimili.

Basi. Dada yangu alikuwa kiziwi tangu ana miaka minne, homa ilimpitia, na alikuwa fundi wa kushona. Alinizidi miaka sita. Alifariki miezi minne iliyopita, kifua, siku sita tu. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa reli. Leo naishia hapa.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna mvua. Miavuli miwili, soli moja ya kiatu.

Ijumaa, 7 Machi

Nesi amepita mara moja, amesoma, anasema nimejaza habari zangu na mama yake nimempa mistari miwili. Ameniagiza nieleze chumba.

Haya, chumba. Kiko mbele ya nyumba, mlango unaangalia barabara. Mimi nakaa nje barazani na sanduku langu la vifaa. Ninapolala ni kijumba cha uani, nyuma. Ndani kwa Dada kuna cherehani ya kukanyaga aliyoirithi kwa mama yetu, benchi la watu wawili, pasi ya mkaa, kapu la vipande vya vitambaa, na sumaku iliyofungwa kwenye fimbo ya kuokotea pini. Pini ikianguka Dada hakulala mpaka ipatikane. Ukitupa uzi wa urefu wa kidole ungedhani umemtupa mtoto.

Juu ya cherehani, mbele ya macho ya anayeshona, kinaning'inia kitambaa chekundu. Kimefungwa kwenye kamba, kamba inapita kwenye misumari mitatu darini na kutokea nje kwenye tundu juu ya mlango. Mteja anavuta kamba, kitambaa kinacheza, Dada anainua macho. Uvumbuzi huo ni wangu. Wahandisi walikuja kutoka mbali kuutazama.

Hapo Dada angenifanyia ile alama yake. Nikiwa nasimulia watu barazani, yeye aliniangalia mikono kupitia mlangoni, na nikizidisha tu, anabana hewa kwa vidole pande mbili kama fundi anayepunguza gauni kiunoni. Maana yake: punguza hapo, limekuwa pana. Watu walicheka kabla sijafika mwisho.

Hawakuja wahandisi. Alikuja fundi bomba, akavuta mara moja, akaenda zake.

Jumapili, 9 Machi

Leo kulikuwa na kikao. Nesi, mwenye nyumba, na mimi. Mwenye nyumba anataka chumba chake, na ana haki, amengoja miezi minne bila kusema kitu. Nesi ameahidi cherehani kwenye chuo cha viziwi, wanafunzi wapate kujifunzia. Kilichobaki ni siku. Pikapu haiwezi kuingia mtaani kwetu tope likianza, kwa hiyo wamekubaliana: mvua zikikatika, chumba kinafunguliwa, vitu vinatolewa.

Nilitoa hoja. Nilisema cherehani ya zamani ikihamishwa inagoma. Nilisema wateja watapotea njia. Nilisema nyumba bila cherehani mbele inaingiliwa na wezi, nimeona kwa macho yangu, nyumba ishirini na mbili. Nesi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu kama kuna sababu nyingine.

Nikamwambia hizo hazitoshi?

Kwa hiyo mimi, mtengeneza miavuli, mwaka huu naomba mvua isikatike. Ingawa kuomba mvua kuna mambo yake.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Ya kistaarabu, bila kelele. Kazi ilikuwa nyingi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo kumepiga radi, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi. Sikufanya kazi. Niliingia ndani kwa Dada kuangalia kama paa linavuja.

Nieleze jambo hili maana mtaa mzima unalijua na Nesi pia. Dada alikuwa mwoga wa radi. Miaka zaidi ya thelathini, wingu likianza kunguruma, mimi naweka chini bisibisi, navuta kamba mara tatu ili ajue ni mimi, naingia nakaa naye benchini mpaka ipite. Kuna siku niliacha mwavuli wa mkuu wa stesheni ukiwa mbavu wazi. Damu ni damu.

Kinyozi, ambaye banda lake linatazamana na baraza langu na ambaye mdomo wake hauna kituo, alishawahi kuniuliza mbele ya wateja wake, "Jenerali, kiziwi anaogopaje radi ambayo haisikii?" Jenerali ni jina langu la heshima. Nikamjibu kwamba radi haiogopwi kwa masikio peke yake. Ina mwanga. Ina mtikisiko. Na wewe nyoa. Nikamgeukia Dada nikamwambia kwa mikono, si unaogopa? Dada akajikunyata pale mlangoni, akafumba macho, akashika kifua, akatetemeka magoti. Kinyozi akaomba radhi.

Alikuwa anajua kuigiza yule mwanamke. Namaanisha, alikuwa anaogopa sana.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Mama mmoja mgeni amevuta kamba ya mlangoni alipoona imening'inia. Nilimweleza kwamba fundi hayupo. Akaniuliza atarudi lini. Nikasema sijui.

Alhamisi, 20 Machi

Mwavuli wa mwalimu mkuu. Mbavu tatu zimevunjika. Ameukalia mwenyewe, anamsingizia mkewe.

Jumapili, 23 Machi

Leo nimemkumbuka mchana kutwa, kwa hiyo naandika.

Nilijua kusema kwa mikono kabla ya kusema kwa mdomo. Hilo si la kupunguzwa, mama yetu alilithibitisha. Mama alikuwa akishona siku nzima, mimi nilibebwa mgongoni na Dada, na mtoto anajifunza lugha ya mgongo aliomo. Nilipotaka maji niligonga bega lake na kuonyesha kinywa. Mpaka nina miaka mitatu watu walidhani na mimi ni kiziwi. Siku nilipotamka neno la kwanza mama aliangusha mkasi.

Hatukuwa na lugha ya chuoni, tulikuwa na ya nyumbani. Mwenye nyumba alikuwa funguo kiunoni. Kinyozi alikuwa mdomo unaofunguka na kufumba. Nesi, tangu siku alipozaliwa, alikuwa kiganja juu ya moyo. Baba yake Nesi alikuwa mkono unaopungia, kwa sababu aliondoka mapema, na Dada hakuwahi kumsema vibaya. Alimpungia tu, akaendelea na kazi.

Kazi yake aliisikia kwa mikono. Kiganja cha kushoto mezani, cha kulia kwenye nguo. Sindano ikianza kuchoka alijua kabla haijakatika. Mafundi wenye masikio mazima walimletea cherehani zao, yeye anaweka kiganja, anaonyesha: hapa, skrubu hii. Mimi nasimama pembeni nikitafsiri na kuongeza utaalamu wangu.

Jamaa mmoja mlevi alimwita bubu, hapohapo mlangoni. Niliwapiga, yeye na wenzake wawili, mmoja mpaka leo anachechemea.

Alikuwa mmoja. Na nilipokuwa nimemkunja shati, Dada alinitoa mikono, akamkagua yule mtu suruali, akamwonyesha kwamba nyuma imechanika, akamkalisha benchini kwa taulo akamshonea. Jamaa alilia. Alikuwa mteja wetu mpaka akahama.

Jumatano, 26 Machi

Radi tena, mchana. Sikuandika wala kufanya kazi.

Jumamosi, 5 Aprili

Wiki nzima mvua, na leo dari la chumba cha Dada limeanza kuvuja kweli. Nesi alikuja na mabeseni. Tukasogeza cherehani, tukasogeza sanduku la nguo, na nyuma ya sanduku tukakuta gunia.

Nesi alilifungua akidhani ni vipande vya kawaida. Ndani mlikuwa na vitambaa vya upana wa kiganja, mamia, vimekunjwa vizuri kimoja kimoja, na kila kimoja kimeshonwa kwa uzi mweusi mstari juu ya mstari, mistari imebanana kama ya daftari hili. Si nguo. Si kiraka. Si pindo la kitu chochote. Mishono mitupu, mbele na nyuma, mpaka kitambaa kimekuwa kigumu kama kadibodi.

Nesi alikaa chini sakafuni na kimoja mkononi. "Mama alikuwa akinipiga kofi la mkono nikitupa uzi wa kidole kimoja," alisema. "Huu wote ni wa nini?"

Niliona beseni limejaa, nikatoka kulimwaga. Nikakaa nje muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Sikujua kwamba alivitunza. Hilo naliandika kwa kiapo.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia Nesi kwamba ni mazoezi ya wanafunzi wake. Aliniuliza wanafunzi gani. Nikasema walikuwa wengi, walikuja kwa makundi. Akaniuliza mbona hakuwahi kumwona hata mmoja. Nikasema walikuja siku za kazi.

Dada angenibana hewa mpaka vidole vigusane.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Soli mbili.

Jumamosi, 12 Aprili

Nesi amekuja na vitambaa vitatu vya lile gunia, alivyoondoka navyo wiki iliyopita. Hakula nilichompikia. Alivitandaza mezani akanionyesha. Mistari inakwenda imenyooka, imenyooka, halafu ghafla inaruka pembeni, kama kidole kimoja, kisha inarudi inanyooka tena. Kwenye kitambaa kimoja imeruka mara tisa.

Akaniambia kazini kwake anaona mikono ya wazee kila siku, na anajua mkono unaoanza kupotea unavyokuwa. Unatulia, unashtuka, unatulia. Na mtu anayeanza kupotewa na akili anarudia jambo moja lisilo na maana, anakunja, anaficha. Akaniambia mama yake hakuwa wa kupoteza uzi hata akiwa na homa. "Alikuwa anaumwa muda mrefu, Mjomba. Si siku sita. Labda miaka. Na mimi nikija nakaa siku moja, nakula, naondoka."

Nikasema hapana, mama yako alikuwa mzima wa akili mpaka siku ya mwisho, alinidai hata mkasi wake.

Akanitazama. "Wewe ulikuwa hapa barazani kila siku ya Mungu," alisema. "Hukuona?"

Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa fupi. Halafu nikamwona Kinyozi ng'ambo amesimamisha wembe anatusikiliza, nikasema macho yangu siku hizi si mazuri.

Jumapili, 13 Aprili

Sikulala vizuri. Si kwa radi.

Jumatano, 16 Aprili

Kinyozi amevuka barabara kuja kuniambia kwamba Nesi alipita kwake akamuuliza kama mama yake alikuwa akitetemeka mikono, akamwaga vitu, akasahau watu. Kinyozi alimwambia ukweli, kwamba yeye hakuona kitu. Nesi akasema basi alikuwa anaficha hata majirani.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Kinyozi hakuwa na mzaha. "Jenerali," alisema, "mtoto anajimaliza yule. Kama unajua kitu, sema."

Nikamwambia mimi najua vitu vingi sana.

Jumamosi, 19 Aprili

Nesi hajaja. Ni Jumamosi ya kwanza kukosa tangu msiba.

Jumanne, 22 Aprili

Jua.

Jumatano, 23 Aprili

Jua. Tope limeanza kukauka kwenye njia ya magari.

Alhamisi, 24 Aprili

Jua. Mwenye nyumba amepita, akatazama juu, akaniamkia kwa furaha.

Jumamosi, 26 Aprili

Nesi amekuja akiwa amekonda. Nimemwona alivyokaa benchini kwa mama yake, upande ambao nilikuwa nakaa mimi, mikono imelala mapajani kama si yake. Mimi huyu mtoto nilimwona ana siku moja. Dada aliniwekea mikononi akaniambia kwa ishara, shika vizuri, wewe ndiye masikio yake. Akilia usiku mimi sitasikia. Nikahamia chumba hichohicho miezi minane, nalala sakafuni, mtoto akilia namgusa Dada mguu. Watu nawaambia kwamba nililala na bunduki kuwalinda. Bunduki haikuwepo. Kulikuwa na mimi na mguu wa Dada.

Ameniambia pikapu inakuja Jumamosi ijayo. Cherehani itakwenda chuoni, benchi achukue Kinyozi, gunia atalichukua yeye. Nikamuuliza gunia la nini. Akasema ataliweka chumbani kwake, chini ya kitanda, ili asisahau kile ambacho hakukiona.

Alhamisi, 1 Mei

Jua asubuhi, mchana joto zito. Upande wa reli kumejaa weusi. Sikuwahi kuona mawingu yanachelewa hivi.

Jumamosi, 3 Mei

Leo siandiki. Mkono hautulii.

Jumapili, 4 Mei

Sasa umetulia. Naandika ya jana yote, na Nesi amekaa hapa pembeni anapunguza pindo la gauni lake, kwa hiyo siwezi kuongeza hata nikitaka.

Pikapu ilikuwa ije saa kumi. Saa nane Nesi alikuwa anafunga vitu kwa kamba. Mabeseni, pasi, sumaku. Alifika kwenye gunia, akalifunga mdomo mara tatu, kwa nguvu, kama anayefunga kidonda. Mbali kabisa, nyuma ya reli, kukanguruma.

Nikamwambia, "Mama, lifungue hilo gunia."

Akasema amechoka.

Nikamwambia, "Lifungue. Nipe kimoja, chochote."

Akanipa. Nikakaa benchini, upande wangu, nikakiweka mezani nikaanza kumsomea. Sijawahi kusoma kitu kwa shida namna ile, hata shuleni. Nikaweka kidole pale mstari unaporuka. "Hapa ni mimi," nikasema. "Na hapa ni mimi. Hapa ilipiga mbili kwa mpigo, na hapa nadhani niliishika meza nikaivuta, kwa sababu mstari umepanda mpaka juu."

Hakunielewa. Nilikuwa nimepanga kumweleza kwa kuzunguka, lakini ikapiga ya pili, karibu zaidi, na maneno yakatoka yenyewe.

"Mama yako hakuwahi kuogopa radi. Anayeogopa ni mimi."

Nikamweleza yote. Kwamba tangu nikiwa mtoto, ikipiga nakosa pumzi, naona giza. Dada haisikii, lakini ananiona. Siku ya kwanza alinikalisha benchini, akachukua kiganja changu akakibandika mezani, akaanza kukanyaga. Cherehani ile ikienda kasi meza yote inavuma, uvumi unaingia kiganjani, unapanda mkononi mpaka kwenye taya, unajaza kichwa, na radi inabaki nje kama jirani anayegonga mlango usio wako. Yeye aliijua sauti kwa njia hiyo tu. Akanigawia.

Lakini cherehani haikanyagwi tupu kwa muda mrefu, inaharibika. Lazima kitu kiwe chini ya sindano. Na hakutaka kuweka nguo ya mteja mezani nikiwa nimeishika mimi. Kwa hiyo nikivuta kamba mara tatu, anatoa nguo yoyote iliyokuwepo, hata gauni la bibi harusi, anachukua kipande kapuni, anatia uzi mweusi, anashona. Hakuna anachoshona. Ananishonea muda. Mwanamke aliyegombania kidole kimoja cha uzi alitumia mita na mita za uzi kwa ajili yangu, miaka thelathini na kitu, na mbele ya watu akakubali kujikunyata mlangoni ili waseme mwoga ni yeye.

Nesi alisogea mezani. Akakitazama kile kitambaa. Mimi nilidhani atanifukuza, na ningeondoka.

Ndipo ikapiga ile ya juu ya paa. Mabeseni yalilia. Sijui nilifanya nini, naambiwa niliingiza kichwa kwapani kwake. Nilipofungua macho alikuwa amekaa upande wa mama yake. Alikuwa amefungua kapu, ametoa kipande cha bluu, anatia uzi kwenye sindano kwa vidole vya nesi, haraka, bila kutetemeka. Akachukua kiganja changu akakibandika mezani. Akakanyaga.

Ilivuma. Miezi sita sikuwa nimeisikia ikivuma. Ikapiga tena, nikaruka, meza ikaenda pembeni, na mstari ukaruka, kidole kimoja. Akasimamisha. Akachukua kitambaa kimoja cha gunia, akakiweka sambamba na kile cha bluu. Mruko uleule.

Akaweka kichwa juu ya cherehani akalia, halafu katikati ya kilio akaanza kucheka, akashindwa kuacha. "Nilikuwa nalala humuhumu, nyuma ya pazia," alisema. "Nikiwa mdogo nilidhani mashine hii ndiyo inaleta mvua. Kila ikivuma, mvua."

"Mvua ndiyo ilikuwa inanileta mimi," nikasema.

"Alikuwa mzima, Mjomba?"

"Alikuwa mzima kuliko sisi wote," nikasema. "Mkono wake haukutetemeka hata siku moja. Wa kwangu ndio."

Tulikaa mpaka ikapita. Alishona vipande viwili na nusu. Pikapu ilifika barabara kuu, ikaona tope, ikageuza.

Jumatano, 7 Mei

Kinyozi amepewa habari. Nesi alimweleza kwa ruhusa yangu. Nilingoja mzaha wake siku nzima, nikaandaa majibu manne. Alivuka barabara, akakaa juu ya sanduku langu, akasema yeye anaogopa mijusi. Akarudi kazini.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimekatika, sasa kweli. Chumba kimerudi kwa mwenye nyumba. Chuo Nesi amewanunulia cherehani nyingine, mpya, wameshukuru zaidi. Ya mama yetu iko kwake, chumba cha mbele, na gunia liko kando yake, wazi, si chini ya kitanda. Jana alinipeleka kuona. Ametoboa tundu juu ya mlango, amepitisha kamba kwenye misumari mitatu, amening'iniza kile kitambaa chekundu. Yeye anasikia vizuri, hana haja ya kamba. Aliniambia, "Mwaka ujao ikianza, panda basi la kwanza. Vuta mara tatu."

Nikamjibu kwamba nitakuja kuikagua cherehani mafuta, maana mashine ya zamani inahitaji mtaalamu. Akaniangalia, akainua mikono yote miwili, akabana hewa pande mbili, taratibu, kama mama yake. Hakuwahi kunifanyia hivyo. Ilinibidi nigeuke nitazame dirishani.

Daftari limebaki nusu ukurasa. Amesoma yote amerudisha, akasema kuna mahali bado pana. Nikamuuliza wapi. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole penye darasa la tano.

Haya. Walimu hawakuwa wameishiwa. Darasa la tano lilikuwa na paa la bati, na mimi nilikuwa nimesimamishwa mbele kusoma kwa sauti, na nje kukapiga. Nilitoka kwa dirisha. Nilikimbia mpaka kwenye cherehani, Dada akaniona nilivyo, akafunga mlango, akanishonea kaptura nyingine palepale kwa kitambaa cha mteja, ya kwanza akaifua mwenyewe, na mama aliporudi akamweleza kwa mikono kwamba ni yeye aliyeniita nimsaidie kazi. Sikurudi tena shuleni, nisingeweza kuwatazama wenzangu. Watu wote nimewaambia kwamba siku ile nililoa kwa mvua.

Mvua ilikuwa bado haijaanza.